Programu Nne, Duara Moja la Bluu

Dada yangu aliadhibiwa kwa kutofanya kazi aliyoifanya. Barua iliyomwondoa kwenye dirisha namba tatu la masjala ya hospitali ilieleza, kwa mistari mitano na muhuri, kwamba kuanzia Jumatano hadi Ijumaa ya wiki ya pili ya Oktoba hakuingiza kwenye mfumo majibu ya maabara ya wagonjwa kumi na saba, na kwamba kwa uzembe huo mgonjwa mmoja alipata madhara. Aliyaingiza. Aliyaingiza yote kumi na saba, kwa vidole viwili vya shahada kama anavyochapa siku zote, akiinong'ona kila tarakimu kabla ya kuigusa. Angekuwa mzembe ningenyamaza. Ndugu wa mzembe hana budi kuinamisha kichwa. Lakini dada yangu si mzembe, na mimi sinyamazi.

Ni kifungua mimba wa nyumba yetu. Baba alipofariki, yeye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, nasi wanne tuliomfuata tulikuwa bado tunafutwa pua. Akaenda kuomba kazi hospitalini, akapewa ya kubeba mafaili kutoka masjala kwenda wodini. Mimi nina shahada ya chuo kikuu. Ipo kwenye fremu ukutani kwangu, na kila nikiitazama naiona mikono yake. Miaka ishirini na saba amekaa katika chumba kile chenye harufu ya karatasi na dawa ya mende, akapanda kutoka mbeba mafaili hadi karani wa majibu ya maabara. Wauguzi wanamwita Mama Faili. Hapendi, lakini anaitika.

Waliwahi kuwapo wagonjwa wawili, wanawake, waliofanana majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa. Mmoja alikuwa na pumu, mwenzake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Bila kuagizwa na mtu, dada alichukua uzi wa kushonea akafunga mwekundu kwenye faili la mmoja na mweusi kwenye faili la mwingine, na kwa miaka tisa hakuna daktari aliyewahi kumpa huyu dawa ya yule. Nilipomuuliza kwa nini asiitegemee tu akili yake, maana kumbukumbu yake ni ya ajabu, alinijibu kwamba vitu viwili vikifanana, wa kwanza kuvichanganya ni yule anayejiamini.

Programu ya kwanza ya kompyuta ilifika pale miaka saba iliyopita. Ilikuwa ya kijivu, haina mvuto wowote, na iliitwa Masjala. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa masjala. Pembeni yake palikuwa na nakala ambayo karani mgeni angeweza kuivuruga atakavyo bila kumdhuru mtu. Hiyo iliitwa Mazoezi, na juu ya skrini ilikuwa na utepe mwekundu mpana ambao hata mwenye mtoto wa jicho angeuona. Kila Jumapili Mazoezi ilifutwa yote, ikajazwa upya majina ya wagonjwa kutoka kwenye ile ya kweli, na wanafunzi wakaanza tena. Miaka saba, hakuna aliyekosea. Mtu akiuliza majibu yanaingizwa wapi, jibu lilikuwa neno moja.

Kisha kampuni nyingine ikainunua programu hiyo, na kampuni hiyo ilikuwa na kitengo cha chapa.

Kitengo hicho kiliona Masjala ni jina la kizee. Kikaleta MUTAHO, ambalo ni kifupi cha Mfumo Unganishi wa Taarifa za Hospitali. Mtu angedhani herufi hizo zimekwisha kusema yote. Hazikuwatosha. Kwenye mabango, kwenye fomu, hadi kwenye vikombe vya chai walivyogawiwa wafanyakazi, paliandikwa: Mfumo wa MUTAHO wa Taarifa za Hospitali. Anayetaka kujua anaambiwa nini na aufungue ufupisho huo mwenyewe: mfumo wa mfumo unganishi wa taarifa za hospitali wa taarifa za hospitali. Ni kama mgeni anayebisha hodi, akiulizwa ni nani anataja jina lake, akiulizwa amefuata nini anataja jina lake, na akikaribishwa ndani anakushukuru kwa jina lake. Nilimfungulia dada fumbo hilo sebuleni kwangu, akacheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa Septemba, tulikuwa bado tunacheka.

Kicheko kilikauka walipoigawa. Ile programu moja ikawa nne: MUTAHO Angaza, MUTAHO Nuru, MUTAHO Zaidi na MUTAHO Pamoja. Angaza ndiyo iliyokuwa ya kweli, yenye wagonjwa. Zaidi ilikuwa ya michoro ya kuwafurahisha wakubwa. Pamoja ilikuwa ya wafanyakazi kutumiana ujumbe. Na Nuru, Mungu atusamehe, ilikuwa ile nakala ya mazoezi. Utepe mwekundu uliondolewa, kwa kuwa mwongozo wa chapa ulikataza rangi yoyote isipokuwa bluu na nyeupe. Neno Mazoezi nalo likaondolewa, kwa kuwa mteja akiliona, walisema, atadhani bidhaa haijakamilika. Alama ya kila moja ikawa duara la bluu lenye herufi M nyeupe katikati. Manne, pacha watupu, yamejipanga kwenye skrini, na majina yake chini kwa maandishi madogo kama ya kwenye kichupa cha dawa ya macho.

Dada alifanya alichokuwa amewafanyia wale wanawake wawili. Alimuuliza fundi kompyuta wa hospitali ipi ni ipi, akakata vipande vya plasta ya kufungia vidonda, akaandika kwa kalamu nene YA WAGONJWA, YA KUJIFUNZIA, YA WAKUBWA, YA UMBEA, akavibandika ukingoni mwa skrini, kila kimoja chini ya alama yake, kwenye kompyuta zote tatu za masjala. Wiki nzima watu walifanya kazi kwa plasta.

Jumatatu ya uzinduzi akaja afisa chapa wa kampuni, amenyoa vizuri, ananukia vizuri, na mpiga picha nyuma yake. Makarani walikuwa wamekwisha kumbatiza Bwana Nembo kabla hajamaliza kupanda ngazi. Alipoziona plasta uso ulimsinyaa kama aliyeonja shubiri. Akaanza kuzibandua kwa kucha, moja moja, akieleza kwa upole kwamba zinachafua chapa na zitaonekana kwenye picha.

"Mwanangu," dada akamwambia, "hizo ndizo zinazotuonyesha njia."

"Usijali, mama," akajibu. "MUTAHO inajieleza yenyewe."

Akazifinyanga plasta zote zikawa donge, akalitupa kwenye kapu la taka, akamsimamisha dada mbele ya kompyuta na kumwambia atabasamu. Siku iliyofuata programu zikasasishwa, na zile alama nne zikabadilishana nafasi.

Wiki hiyohiyo hospitali iliacha kupeleka karatasi za majibu kwa madaktari. Utaratibu mpya ulikuwa kwamba karatasi itoke maabara ije dirisha namba tatu, karani aingize majibu, daktari ayasome kwenye skrini yake. Na ili mambo yaende barabara, makarani wengine wawili wa masjala pamoja na fundi kompyuta walipelekwa semina ya siku tatu ya kuifahamu MUTAHO. Dada aliachwa. Katibu wa hospitali alisema yeye ni mzoefu, hahitaji kufundwa. Walimvika kilemba cha ukoka, wakamwacha peke yake na maduara manne.

Jumatano asubuhi alikuta majibu sita mezani. Waraka wa katibu, uliobandikwa ukutani, ulisema majibu yote yaingizwe kwenye Mfumo wa MUTAHO, basi, kama kumtuma mtu kwenye nyumba ya pacha wanne akamlete yule mtoto. Dada alivaa miwani akasoma yale majina madogo. Nuru na Angaza. Wiki nzima alikuwa akifuata maneno yake mwenyewe ya plasta, hakuwa na sababu ya kukariri ya kampuni, na sasa hakuweza kuapa ipi ni ipi. Hakubahatisha. Alipiga simu ya msaada ya kampuni.

Binti aliyepokea simu alimuuliza kwamba majibu ya maabara yanaingizwa wapi, akaambiwa ni kwenye MUTAHO. Akauliza ipi. Akaambiwa ni Mfumo wa MUTAHO. Akaeleza, kwa ule upole wake ninaoujua, kwamba anaona nne. Binti akamfariji kwamba zote ni MUTAHO moja, ni familia. Aingie tu kwenye ile yenye duara la bluu.

Akaingia Nuru. Akaandika namba ya mgonjwa wa kwanza, na jina likatokea, na umri, na mtaa anaoishi, maana nakala ya mazoezi ilikuwa imejazwa wagonjwa wa kweli. Akaingiza majibu. Skrini ikamjibu: Hongera, taarifa zako zimehifadhiwa salama. Mtu afanye nini zaidi ya hapo? Akatia alama ya vyema kwenye pembe ya karatasi, akaiweka kwenye droo, akachukua nyingine. Siku tatu skrini ile ilimpongeza.

Ijumaa alikuja mgonjwa mmoja, fundi viatu, mwenye kidonda mguuni kisichopona. Damu yake ilipimwa asubuhi na sukari ilikuwa imepanda vibaya sana. Dada aliingiza majibu yake kabla ya saa tano. Daktari akafungua Angaza, akaona pameandikwa kwamba majibu bado, akamwambia mzee wa watu aende nyumbani arudi Jumatatu. Jumapili mchana walimleta wamembeba kwenye kiti, hajitambui. Alipona, namshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mguu wa kulia vilikatwa. Na Jumapili hiyohiyo, kama kila Jumapili, Nuru ilifutwa yote.

Jumatatu katibu aliifungua droo ya dada, akazitoa karatasi kumi na saba na kuziinua juu mbele ya watu kama aliyekamata mwizi na kuku wake mkononi. Akasema ndizo hizi, zimelala. Angaza ikatafutwa, haikuwa na kitu. Hakuna aliyefikiria kutazama kwingine, na hata angefikiria, kwingine kulikuwa kumepanguswa. Ile barua ya mistari mitano ilitoka Jumatano, na dada akapelekwa stoo ya mashuka, kuhesabu yanayokwenda kufuliwa na yanayorudi.

Hayo aliyavumilia. Asiloweza kulivumilia ni kwamba familia ya fundi viatu iliambiwa, na mtu mwenye cheo, kwamba karani mmoja alisahau, na karani huyo akatajwa. Dada alikwenda wodini kumwona mgonjwa. Nilikuwa naye. Mke wa fundi viatu alikuwa ameketi kitandani miguuni, na kwenye mapaja yake palikuwa na kiatu cha kulia cha mumewe.

"Wewe ndiye Mama Faili?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya, kishike hiki." Akamtia kiatu mikononi. "Amekishona mwenyewe. Akiamka nimwambie nini? Kwamba ulikuwa umechoka?"

"Niliyaandika majibu yake. Siku ileile."

"Uliyaandika wapi?"

Wakati huo dada hakujua mwenyewe aliyaandika wapi. Alisimama na kile kiatu hadi yule mama akakichukua tena, akakigeuza soli juu, na kuanza kumuuliza muuguzi habari za bandeji, kana kwamba pale mbele yake pamesimama kabati. Tulipofika nje dada aliniambia kazi waichukue wakitaka, ila yule mama aambiwe ukweli, na aambiwe kwa maandishi, kwa kuwa uongo ulitoka ofisini. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine, na kila alichofanya alikifanya kwa ajili hiyo.

Aliyetufumbua macho ni fundi kompyuta. Aliporudi kutoka semina alifuatilia kompyuta ya dirisha namba tatu, akakuta kumbukumbu kwamba Jumatano, Alhamisi na Ijumaa iliyofunguliwa ni Nuru, kwa saa nyingi. Alikwenda stoo akamnong'oneza dada katikati ya marundo ya mashuka, kisha akamsihi asimtaje, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na ana watoto. Dada akamwambia aende zake kwa amani. Mimi ningemburura kwa kola hadi kwa katibu, na ndiyo sababu yeye ni yeye na mimi ni mimi.

Kikao cha nidhamu kiliitishwa Novemba. Kanuni zilimruhusu mtuhumiwa kuja na ndugu mmoja, kwa sharti kwamba ndugu huyo asifungue mdomo. Adhabu hiyo nilipewa mimi. Mezani walikuwapo katibu, matroni, daktari mkuu na mwakilishi wa wafanyakazi. Bwana Nembo alialikwa kuwakilisha kampuni. Fundi kompyuta aliwekwa pembeni kuendesha mashine ya kuonyeshea picha ukutani, kwa kuwa Bwana Nembo alikuja na picha, nyingi, zote za bluu. Alieleza kwa dakika ishirini jinsi Mfumo wa MUTAHO unavyozungumza kwa sauti moja. Katibu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akamuuliza dada ana lipi la kusema.

Dada alisimama. Alitoa mkobani vipande vitano vya karatasi, vimekatwa sawasawa kwa rula, akaweka kimoja mbele ya kila mmoja wao.

"Wazee wangu, naomba kila mmoja aandike jina moja tu," alisema. "Programu niliyotakiwa kuingizia majibu. Bila kutazamiana."

Katibu aliandika upesi: Mfumo wa MUTAHO. Matroni, anayeshinda kutuma ujumbe, aliandika Pamoja. Mwakilishi wa wafanyakazi alikikunja chake kikiwa kitupu, akasema kwa uungwana kwamba yeye na kompyuta ni paka na panya. Daktari mkuu alitazama dari, akaandika Nuru, akatia na saini chini kwa mazoea ya kutia saini. Bwana Nembo hakuigusa kalamu. Alisema hilo ni swali la kiufundi, na yeye ni mtu wa chapa.

Dada alivikusanya vipande akavisoma kimoja kimoja, bila kejeli, kama anavyosoma majibu ya damu. Alipofika kwenye Nuru, sauti ikatoka pembeni.

"Daktari, hiyo uliyoandika ni ya mazoezi." Fundi kompyuta alikuwa amesimama, waya bado mkononi. "Ndiyo aliyofungua Mama Faili. Kumbukumbu za siku tatu ninazo hapa. Aliingiza. Sisi ndio tuliofuta."

Hakuna aliyemwomba athibitishe. Aliziweka ukutani mwenyewe, juu ya ile bluu. Saa, dakika, dirisha namba tatu. Daktari mkuu akavua miwani. Hapo ndipo Bwana Nembo alipofafanua kwamba tatizo, kwa kweli, ni mtumiaji kutoielewa familia ya bidhaa. Nilifungua mdomo. Dada alinikanyaga mguu kwa kisigino, mbele ya kikao, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeionja tangu utotoni, nikaufunga.

Mtu angedhani yameisha. Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya pili: kikao kimeona kwamba palitokea kosa la mtumiaji lisilo la makusudi, na mhusika atarudishwa kwenye kituo chake mara atakapotia saini kukiri. Familia ya fundi viatu haikutajwa. Kosa la mtumiaji. Mtu alibandua alama za njia, mtu akaondoa utepe mwekundu, mtu akaandika waraka usiosema kitu, mtu akaambiwa kwenye simu kwamba zipo nne na asisikie. Na katika msafara wote huo aliyekosea ni mmoja tu, yule aliyeuliza.

Dada alikataa kusaini. Kaka yetu alikuja na mkewe kumshauri aweke saini yaishe, mwenye nguvu mpishe, stoo ina vumbi na yeye ana kifua. Alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama angemshauri hivyohivyo fundi viatu. Kaka akaikoroga chai ambayo haikuwa na sukari, akaondoka mapema.

Kisha akaanza kuandika. Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, alipeleka kwa katibu barua moja ya ukurasa mmoja, ileile, akisubiri dirishani hadi nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Hakutukana, hakulalamika kuhusu stoo. Aliomba kitu kimoja: hospitali imwandikie mke wa fundi viatu kwamba majibu yaliingizwa. Na kila barua aliiambatishia nakala ya kivuli ya kimoja cha vile vipande vya kikaoni, chenye neno Nuru na saini ya daktari mkuu, na nakala ya yote hayo akaipeleka kwa daktari mkuu mwenyewe. Desemba ikapita, Januari, Februari. Katibu alimpitia mbali kwenye korido. Wauguzi walimletea mashuka wakimuuliza kwa utani hii ya ngapi. Alikuwa akiwajibu kwa namba.

Maduara ya bluu bado ni manne, na Nuru bado inaitwa Nuru. Dada bado yumo stoo ya mashuka, kukiri hajakiri. Aliyechoka ni daktari mkuu, ambaye kila Jumatatu alikuwa akiletewa saini yake mwenyewe. Barua aliyoandika, bila kupitia kwa katibu, ilifikishwa nyumbani kwa fundi viatu tarehe 17 Machi 2025, na mstari wake wa tatu unasema kwamba karani wa dirisha namba tatu aliyaingiza majibu siku ileile yalipotoka maabara.